Kizibo Kilicholala Chali

Mie shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo kila kitu nakiweka kichwani. Majina hasa. Niulize waliozaliwa mtaa wetu huu wa Kimara, waliohama, waliokufa, nitakutajia mpaka majina ya baba zao. Humu sitataja hata moja.

Nilikuwaga nauza mihogo ya kukaanga shuleni, chini ya dirisha la darasa la nne. Dirisha lenyewe halina kioo, nondo tu, basi nikasoma darasa la nne mwaka mzima bila kuvaa sare. Asubuhi mwalimu akiita majina, mie nayafuata kimoyomoyo. Watoto sabini na wawili. Mjukuu wangu, niliyekuwa namlea, alikuwa wa hamsini na moja.

Mwalimu alikuwa binti mdogo kutoka bara, na mie sikumpenda. Nilivyozoea, mwalimu anaandika, watoto wananakili, asiyejua anachapwa. Huyu anaandika maswali matatu ubaoni, jepesi, la kati na gumu, halafu anasema, "Kila mtu achague analoliweza leo. Kesho apande." Mtoto akimuuliza kitu, naye anauliza: "Umekwama wapi? Nionyeshe mstari." Nikawa nawaambia wateja, "Mshahara anapokea yeye, kazi wanafanya watoto."

Siku moja akanifuata. "Shikamoo bibi. Naomba uniokotee vizibo vya soda pale dukani."

"Marahaba. Unafungua kiwanda?"

Akacheka, akanieleza. Kila mtoto atakuwa na kizibo kwenye dawati. Akielewa, upande wa rangi utazame juu. Akikwama, akigeuze tumbo juu. Hana haja ya kunyoosha mkono na kuona haya. Mwalimu akipita ataona, atasimama hapo. Nikamletea mfuko mzima. Kwa hiyo vile vizibo nilivileta mie, kwa mikono yangu.

Walipofika kwenye sehemu, nusu na theluthi na robo, kizibo cha mjukuu wangu kikawa tumbo juu kila siku. Pembeni yangu alikaa shoga yangu anayeuza ubuyu, naye hajui kunyamaza. "Shoga," akaniambia, "cha kwako leo tena kimelala chali kama mende!" Wateja wakacheka. Na mie nikacheka, huku roho inaniuma.

Nyumbani nikamwita. "Mke mwenzangu!" Ndivyo tulivyoitana, maana bibi na mjukuu wa kike wanagombea mume mmoja, babu. "Hicho kizibo chako kina ugonjwa gani?"

"Sijaelewa sehemu, bibi. Mwalimu kasema ukikwama, geuza."

"Watoto wote wale wanaelewa, gogo ni wewe peke yako? Unanivua nguo mbele za watu. Nikikiona tena kimelala, humu huli."

Sikumpiga. Nilimpakulia ugali, mboga nikaiweka mbali, nione kama atalikumbuka neno langu. Akaula mkavu, hakulia.

Kesho yake kizibo kikatazama juu. Mwalimu akampita. Keshokutwa akampita. Wiki tatu mwalimu anasimama kwa wengine, wangu anampita, na mie nje namtambia shoga: "Umeona? Mtoto ni kuambiwa tu."

Sasa yule mwalimu alikuwa na desturi nyingine. Mtoto ambaye kizibo chake hakijageuka siku nyingi anaitwa ubaoni, awafundishe wenzie. Siku hiyo akamwita wangu. "Waeleze wenzio. Theluthi na robo, ipi kubwa?"

"Robo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nne inazidi tatu."

Darasa likalipuka. Mwalimu peke yake hakucheka. "Tulieni. Chora andazi, uligawe, tuone."

Akachora. Vipande havilingani. Mmoja akapiga kelele nyuma, "Andazi limeng'atwa na panya!" Wakacheka tena.

Mie niko pale nje, kisu mkononi. Nimetoka kukata muhogo mmoja kwa wateja watatu, na mwingine sawa na huo kwa wateja wanne. Ningeinua vipande viwili tu dirishani, angeona. Kitu ambacho mie nakijua toka nianze kushika kisu.

Mteja mmoja mgeni akachungulia. "Maskini! Hako katoto ka nani?"

Shoga akanitazama. Darasa zima linanicheka kupitia kwake, ndivyo nilivyoona. Nikasema, "Wala simjui jina."

Nimeshasema, dirisha ni nondo tu. Mjukuu wangu akageuka. Akarudi dawatini, akakishika kizibo chake, akakilaza chali taratibu, macho kwangu.

Mwalimu akapiga goti pale pale, akaanza naye upya. Lakini mtihani ulikuwa umeshafika. Akafeli, akarudia darasa.

Mwaka ule wa pili dirisha lilikuwa lile lile, na mie nilikuwa pale pale. Kizibo chake kililala chali asubuhi, mchana kikatazama juu, kesho kikalala tena. Sauti yake nikaisikia mpaka nje: "Nimekwama hapa, mwalimu, mstari wa pili." Wenzie wakiguna, haoni, hasikii. Alianza na swali jepesi; kufika muhula wa pili anachagua gumu mwenyewe. Kengele ya mapumziko ikilia, anapita mbele ya karai langu, ananunua ubuyu kwa shoga.

Alifaulu. Sasa yuko kidato cha pili. Asubuhi ananiamkia, "Shikamoo bibi." Naitikia, "Marahaba, mke mwenzangu." Hilo la mwisho halijibu. Nikimtuma anakwenda, nikiugua ananipikia uji, hana kosa hata moja ninaloweza kulishika.

Juzi nilipoanza kuandika haya, kwa mwandiko wangu wa kuungaunga, nilimkuta anajisomea mezani. Nikamuomba ruhusa niliweke jina lake humu, moja tu.

Hakuinua kichwa. "Si ulisema hulijui?" akasema, akafunua ukurasa.