Jenereta yangu ilivyoomba hifadhi kwenye banda la ng'ombe wa mahari, Giheke

Wakuu, habari za mvua huko mliko. Haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu mawili. Nimeyahesabu tena, ni mawili.

Mimi ni mtu wa Kamembe, mji wa Rwanda mpakani na Kongo. Nina jenereta moja ndogo, ile ya kubebwa na watu wawili, naikodisha kwenye sherehe. Ndiyo inayolisha nyumba yangu. Ikilala yenyewe, na sisi tunalala hivyo hivyo.

Juzi kati mdogo wangu Hamisi alikwenda kuposa Giheke. Kwa wasiojua, posa ya huku ni mashindano ya maneno. Kila upande una msemaji wake, wanabishana kwa utani mbele ya wageni mpaka binti atolewe. Wasemaji wanataka mikro, yaani maikrofoni, mikro inataka umeme, na umeme wa siku hiyo nilikuwa mimi.

Wakwe walikuwa wameshatutilia shaka: watu wa mjini, maneno mengi, vitendo vichache.

Hamisi akanivuta pembeni. "Kaka, leo isizimike. Ikizimika, batasema ndiyo vile tuko."

Wingu likaja. Nikajiona fundi. Nikaizungushia jenereta shitingi mpya, lile turubai la plastiki, juu mpaka chini, nikafunga kamba. Mafundo manane. Nikahesabu tena, manane. Hata tone lisingepenya.

Hewa nayo haikupenya. Hiyo sikuihesabu.

Mvua ikamwagika. Msemaji wao, mzee mwembamba mwenye fimbo, alikuwa anasema "Huyu binti mnayemtaka ni..." Kimya.

Nikakimbia. Jenereta imezimika kwa joto, shitingi imeyeyukia kwenye ekzosi, harufu kama ndala zilizotupwa jikoni. Nikageuka. Viti mia na ishirini, vyote vinanitazama.

Maman mmoja wa nyuma akasema taratibu, "Kumbe huyu ndiye tunaenda kumuita shemeji."

Ukiacha hema la wageni, pale uwanjani kitu kimoja tu kilikuwa na paa juu na pande zote wazi: banda jipya la mabati walilomjengea ng'ombe wa mahari. Ng'ombe mwenyewe alikuwa bado njiani. Nikachomoa nyaya, nikaanza kuiburuta.

Fimbo ikanizuia.

"Papa, unaenda wapi?"

"Bandani, Mzee."

"Nani aliliomba?"

Na hapo alinipata. Siku ya posa upande wa mwanaume hauna chake, hata maji ya kunywa yanaombwa na msemaji. Wetu alikuwa mjomba Saidi, muuza samaki, sauti anayo. Akasimama mvuani bila mikro.

"Wazee, tulileta ng'ombe wawili. Wa pili ndiye huyo. Analowa."

Watu wakaanza kucheka.

"Anakula nini?"

"Hali, Mzee. Anakunywa mafuta tu, esanse."

"Maziwa anatoa?"

"Anatoa mwanga."

"Na kwato ziko wapi? Kwenye matope si ataoza?"

"Ndiyo maana tunaomba na matofali manne."

Tukapewa yote. Nikaisimamisha juu ya matofali, ekzosi ikitazama shambani, mbali na watu. Nikaiacha ipoe kabisa huku nakwangua plastiki. Kisha nikavuta kamba. Mara mbili. Ikanguruma.

Mikro ikarudi, na neno la kwanza la mzee likawa hili: "Nyote mmesikia wamesema ng'ombe wawili? Basi kwetu ng'ombe wa mahari akishaingia bandani, hatoki."

Wakuu, nimebishania bei pale mpakani, daraja la Rusizi II, miaka mingi, na sijawahi kupoteza mali huku napiga makofi. Siku hiyo nilipiga.

Binti akatolewa. Hamisi alikuwa anacheka kuliko wote. Ng'ombe wa kweli alipofika, amelowa, akakuta nyumba ina mpangaji, ikabidi afungwe chini ya upenu wa jikoni.

Jumatatu iliyofuata nikarudi na mjomba kuichukua. Mzee akatupa viti, akaingia ndani, akatoka na taa ndogo ya kuchaji, imejaa chaji ya jenereta yangu, akaniwekea mkononi.

"Mila inasema ng'ombe wa mahari akizaa, ndama anarudi kwenu. Huyu amezaliwa jana."

"Na mama yake, Mzee?"

"Mama hatoki, nilishasema. Ukiwa na kazi, njoo umuombe."

Basi ndivyo ninavyoishi. Kila nikipata sherehe, mjomba anaenda kuniombea jenereta yangu. Naikuta kavu, imefutwa vumbi, oili imepimwa. Mzee anakuja nayo sherehani kama mgeni. Anakula sahani mbili, nimehesabu.

Nilichojifunza: jenereta ifunikwe juu, pande ziachwe wazi. Isimame juu ya kitu. Moshi uende mbali na watu, na isiwashwe ndani ya nyumba hata siku moja, ule moshi unaua kimya kimya. Turubai livalishwe ikiwa imezimwa na imepoa.

Na ukiomba banda, sema jenereta, usiseme ng'ombe.

Ninyi mnazikinga vipi? Leteni maoni. Kama kuna mtu wa Giheke anasoma, mimi sijalalamika, na Jumamosi nina harusi.