Bado Miguu

Kila asubuhi nikivuka kwa kivuko kwenda kazini Kamanga, huchora abiria mmoja kwa penseli ili mkono usisahau. Juzi nilimchora mama aliyesinzia na kuku mapajani. Akazinduka, akauona mchoro.

“Umenichora nimelala? Futa, mwanangu! Anza upya.”

Akakaza kilemba, akanyoosha mgongo, akamgeuza kuku atazame mbele. Abiria wengine wakajipanga nyuma yake, wamekakamaa kama wako studio. Kivuko kikafika, honi ikalia, hakuna aliyeshuka.

“Bado miguu!” mama akamfokea mfanyakazi wa kivuko aliyekuja kututoa.

Wanaosema watu hawana muda wa sanaa hawajavuka nasi. Kazini nilichelewa, bosi akataka sababu. Nikamwonyesha mchoro. Akautazama weee, kisha akaweka tai yake sawa, akabana pumzi.