Maisha ya Simoni wa Mabwerebwere, Aliyekosa Ushuhuda

Alizaliwa Mabwerebwere, mjini Kilosa, mwezi Aprili mwaka 2004, wakati mto Mkondoa umefurika na watu wamepandisha magodoro juu ya makabati. Baba yake, Lusekelo, alikuwa mjukuu wa mtu aliyeletwa kutoka Tukuyu kukata mkonge, akabaki hapo kwa sababu kurudi hakukuwezekana. Mama yake, Teresia, alitoka Masanze, kwa wakulima wa mahindi na mpunga. Waandishi wa maisha ya watakatifu hupenda kutaja nyota iliyoonekana mtoto anapozaliwa. Kwa Simoni haikuonekana nyota yoyote. Mawingu yalikuwa mazito na umeme ulikuwa umekatika. Baba alifariki mtoto akiwa darasa la pili, na tangu hapo mama na mwana waliishi kwa maandazi ambayo Teresia aliyakaanga barazani kabla jua halijatoka.

Tangu utotoni Simoni alikuwa mwema kwa kiwango kinachochosha. Alipopelekwa shule ya bweni, wenzake walimtilia chura ndani ya tranka. Akamtoa kwa mikono miwili, akampeleka mferejini, akamtakia safari njema. Walipomtilia wa pili, alidhani ni yule yule amerudi kushukuru. Kiranja alimwandika miongoni mwa wapiga kelele siku ambayo hakufungua kinywa, naye akaenda kuchapwa bila kubisha, akisema labda alipiga kelele akiwa usingizini. Watakaoona jambo hili ni dogo hawajawahi kulala bweni.

Wito wake ulimfikia mwaka 2022, akiwa amemaliza kidato cha nne na akimsaidia mama kazi za nyumbani. Alitoka kwenye mazoezi ya kwaya na uso unaong'aa, akasimama jikoni.

"Mama, ninaitwa."

"Unaitwa na nani, na maharage yako motoni?"

"Na Mungu, mama."

"Basi mwambie asubiri yaive."

Simoni aliyachochea maharage mpaka yakaiva, ndipo akaendelea kuitwa. Teresia hakumzuia. Usiku alilia kidogo, asubuhi akampa blanketi lake mwenyewe, na Januari mwaka 2023 kijana akapanda basi la Mikumi kujiunga na Chuo cha Wainjilisti cha Shamba la Bwana, kilichokuwa nyuma ya mji, karibu na mpaka wa mbuga.

Anayetaka kujiunga na mafunzo ya umisionari yampasa kujua mapema yatakayomkuta, maana waalikaji husahau kuyasema. Simu huchukuliwa siku ya kwanza. Kengele, ambayo ni rimu ya lori iliyotundikwa mtini, hupigwa saa kumi na moja alfajiri na mtu mwenye kinyongo. Asubuhi ni maombi, kisha jembe, kisha darasa, kisha jembe tena. Na kwa kuwa kila mwanafunzi sharti ajifunze kuhubiri bila kuogopa nyuso, huhubiria mahindi, mstari baada ya mstari, na mahindi hayajawahi kuokoka. Ijumaa watu hufunga. Nyani wa Mikumi walikwisha kuifahamu ratiba hiyo, hivyo Ijumaa waliingia jikoni wakala kwa niaba ya wote. Haya yote Simoni aliyastahimili kwa furaha. Jambo lililomshinda ni Alhamisi.

Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana wanafunzi walikaa kwenye mabenchi, na mmoja mmoja alisimama kusema Mungu amemtoa wapi. Huo ndio ulioitwa ushuhuda. Mkuu wa mafunzo, Mwalimu Wenceslaus, alikuwa ametolewa katika ulevi, uganga na ujambazi, vyote kabla ya kutimiza miaka thelathini, na aliamini kwa moyo safi kwamba asiye na shimo alilotolewa hana la kuwaambia walio shimoni. Sheria yake ilikuwa fupi: asiye na ushuhuda haendi kwenye mikutano ya nje, na asiyekwenda kwenye mikutano hurudishwa kwao. Kwa hiyo wanafunzi walishindana. Aliyevuta bangi mwezi wa pili alikuwa ameuza bangi ifikapo mwezi wa tatu.

Simoni aliposimama kwa mara ya kwanza alisema, "Nilizaliwa katika nyumba ya Kikristo. Nimeendelea vizuri." Akakaa. Mtu mmoja akakohoa.

"Ndugu Simoni," Mwalimu alisema kwa upole, "hata kuku hujawahi kuiba?"

"Hapana, Mwalimu."

"Bangi? Pombe?"

"Hapana, Mwalimu."

"Hata kwa mganga hujafika?"

"Nilipita mlangoni kwake, Mwalimu. Nilikuwa naenda dukani."

Benchi zima liliangua kicheko. Tangu siku hiyo walimwita Malaika, na si kwa sifa. Wiki zilipita, naye hakuwa na la kuongeza. Mwalimu akamwambia waziwazi kwamba kabla ya mikutano ya Juni angalau aseme kitu, la sivyo afunge begi. Simoni hakuogopa aibu ya kurudi. Aliogopa kwamba sauti aliyoisikia jikoni kwa mama yake haikuwa sauti ya mtu yeyote.

Katika chuo kila mwanafunzi alipewa mwenzi wa maombi, na mwenzi wa Simoni alikuwa Goodhope, kijana wa Morogoro mjini, mpiga kinanda, mwenye maneno machache na usingizi mbaya. Mbele ya watu Goodhope alishuhudia kwamba zamani alikuwa mlevi. Lakini siku moja, wakipalilia, aliweka jembe chini akamwambia Simoni ukweli. Miaka miwili nyuma alikwenda Ruaha, ng'ambo ya Mikumi, kufanya kibarua cha kukata miwa. Jioni moja, akiwa bado na masizi ya miwa iliyochomwa usoni, alikodi pikipiki, na katikati ya shamba akampiga dereva nondo kisogoni. Aliiuza pikipiki ile mbali. Baadaye alisikia kwamba dereva, aliyeitwa Mudi, alikutwa amekufa palepale.

"Kiti chake kilikuwa na kitambaa chenye bata wa njano," Goodhope alisema. "Kimeshonwa kwa mkono. Kila nikifumba macho, bata."

"Inabidi useme, kaka."

"Sitaweza." Alipalilia hatua chache, kisha, kwa namna ambayo watu waliokata tamaa hutania, akasema, "Wewe huna ushuhuda, mimi ninao na siwezi kuutamka. Uchukue."

Hapa ndipo mtumishi wa Mungu alipotenda dhambi pekee inayojulikana katika maisha yake. Alijiambia kwamba neno lile likisemwa kwa kinywa chochote litampunguzia Goodhope mzigo, na kwamba hapo chuoni halitamdhuru mtu. Alhamisi iliyofuata alisimama akasema, "Niliua mtu." Akasimulia shamba, nondo na wale bata wa njano, na kwa kuwa alimlilia kweli Mudi, mabenchi yote yalilia pamoja naye. Mwalimu Wenceslaus alimkumbatia. Katika chuo kile hakuna aliyefikiri kumpeleka muuaji polisi. Walimpeleka kwenye mstari wa mbele wa wahubiri.

Mwezi Juni Kenta, lori dogo la chuo, lilipakia spika, jenereta na wanafunzi, na njiani ndipo Mwalimu alipotangaza kwamba mkutano utakuwa Ruaha. Goodhope alishika bomba la gari kwa mikono miwili. "Usiiseme habari ile leo," alimnong'oneza Simoni. "Tafadhali."

"Siisemi. Nitahubiri tu."

Walifunga vyombo uwanjani karibu na soko, saa tisa alasiri. Watu wakaja: wakata miwa, akina mama wa nyanya, madereva wa bodaboda wakiwa wamekaa juu ya pikipiki zao. Simoni alihubiri vibaya, kama alivyohubiria mahindi, na watu wakaanza kuondoka. Mwalimu, ambaye hakupenda kuona roho zikienda kununua nyanya, akachukua kipaza sauti.

"Huyu mnayemwona alikuwa muuaji! Sema, ndugu! Sema habari za kile kiti!"

"Leo sina, Mwalimu."

"Ana aibu!" Mwalimu aliwaambia watu, akacheka kwa upendo. "Alimpiga dereva nondo kwenye miwa. Kiti cha pikipiki kilikuwa na bata wa njano. Na leo ni mtumishi!"

Mwanamke mmoja aliweka chini sinia lake la ndizi. Aliitwa Doto. Alipita katikati ya watu mpaka mbele, akamtazama Simoni kana kwamba anatafuta kitu alichokiangusha.

"Wale bata niliwashona mimi," alisema. "Kwa pazia la chumbani."

Madereva wakashuka kwenye pikipiki zao. Simoni alielewa. "Mama, mimi sikumuua mumeo. Nilidanganya. Sijawahi kuishika hata nondo."

"Uliwaonaje bata, kama hukuwepo?"

"Niliambiwa."

"Nani alikuambia?"

Goodhope alikuwa amesimama nyuma ya kinanda, hatua chache tu. Simoni hakugeuza kichwa. "Siwezi, mama. Nikimtaja sasa hivi, watamuua."

"Mimi sitaki kuua mtu! Nataka kujua mume wangu alisema nini. Mwisho wake alisema nini?"

"Hilo sikuambiwa. Nisamehe."

"Mwongo!" mtu akapiga kelele, na jiwe la kwanza likaja. Mwalimu Wenceslaus alipaza sauti katika spika, "Amesamehewa! Jamani, huyu amesamehewa!" na mzee mmoja akamjibu kutoka chini, "Na nani?" Doto alijitupa mbele ya Simoni akilia, "Msimpige, hajaniambia!" lakini walimvuta kando kwa heshima kabisa, kama mtu anavyoondolewa kwenye njia ya gari, wakaendelea. Goodhope hakutoka nyuma ya kinanda. Polisi walipofika, kazi ilikuwa imekwisha.

Walimlaza kwenye Kenta, kichwa kikiwa mapajani mwa Goodhope, gari likakimbia kuelekea Mikumi. Alipata fahamu mara moja tu. Goodhope alikuwa akirudia, "Umenificha, ndugu yangu, umenificha."

"Sikukuficha," Simoni alisema. "Nimekuachia useme mwenyewe."

Alifariki kabla hawajafika hospitali, tarehe 17 Juni 2023, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa.

Mazishi yalifanyika Mabwerebwere. Mwalimu Wenceslaus alihubiri kwa machozi ya kweli juu ya muuaji aliyeoshwa, aliyekufa kwa dhambi yake ya zamani lakini akiwa safi. Teresia alisikiliza mpaka akashindwa. Alisimama kwenye mkeka.

"Baba Mchungaji, shikamoo. Unamzika nani?"

"Marahaba, mama. Tunamzika mwanao."

"Mwanangu hakuwahi kuchota sukari bila kuomba. Huyo unayemhubiri simjui. Kama ndiye aliyemo humo, fungueni mumtoe, mnirudishie wangu."

Ndipo Goodhope alipotoka mstari wa wanafunzi, akapiga magoti kwenye udongo uliokwisha chimbwa, akasema yote: masizi, nondo, bata, na kinanda alichojificha nyuma yake. Vijana wa kwaya walimsogelea na majembe ya kaburi mikononi. Teresia akawazuia. "Mwanangu amekufa ili huyu asiuawe," alisema. "Mkimgusa, mtakuwa mmemuua bure." Walimpeleka kituoni kwa miguu, mama akiwa mbele, na hakuna aliyerusha hata punje ya udongo.

Kanisa halijamtangaza Simoni kuwa mtakatifu, na kwa mwendo wa vikao vyake halitamtangaza kabla hatujazeeka. Miujiza inayosimuliwa ni michache. Wanafunzi wanasema tembo waliovamia shamba la chuo walikula kila mstari wakauacha ule aliouhubiria yeye; wanaolijua shamba wanasema mstari ule haukuota vizuri. Chuo kipo bado. Alhamisi ipo bado. Baada ya mazishi Mwalimu Wenceslaus alinyamaza majuma mengi, kisha akaanza kuwasimulia wapya habari za Simoni, nao hulia sana. Kwake yeye ni ushuhuda mzuri kuliko wote aliowahi kuwa nao.

Muujiza ambao hauna ubishi ulitokea katika chumba cha wageni cha mahabusu. Doto alisafiri kutoka Ruaha, Teresia akaenda naye ili asiwe peke yake. Goodhope aliletwa, akaketi, akasubiri kulaaniwa. Doto alimuuliza swali lile lile alilomuuliza Simoni uwanjani.

Goodhope alikuwa amekiri kwa polisi na kwa hakimu, lakini jambo hili hakuna aliyelitaka kwake.

"Hakujua kama nimempiga mimi," alisema mwishowe. "Alidhani tumeanguka. Aliniambia, 'Samahani, abiria. Umeumia?'"

Doto alijifunika uso kwa khanga. "Ndiye," alisema. "Ndiye huyo." Na Teresia akamshika mkono mpaka askari akaja kusema muda umekwisha.

Basi anayetaka kumwiga Simoni wa Mabwerebwere asitafute mawe. Mawe yapo ya kutosha na hayahitaji wito. Asimame siku ya Alhamisi mbele ya wanaocheka, aseme maisha yake yalivyo, na akae.