Nusu ya Sakafu Iliyobaki

Mwaka 2019, wakati wa masika, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Mume wangu alifariki Jumanne, tarehe 9 Aprili, na nusu ya sakafu ya ghala moja huko Old Kampala ikabaki haijasagwa.

Kazi hiyo tuliifanya wawili. Mashine yetu ya kusagia ilikuwa ndogo, ya kusukumwa kwa mikono. Yeye aliisukuma, mimi nilifuata na bomba la kufyonza vumbi. Saruji ikikauka huacha utando laini juu yake, na rangi ikipakwa juu ya utando huo hubanduka. Sisi tuliuondoa mpaka changarawe zikaonekana. Mwaka ule hatukuwa na kazi nyingine.

Mwenye ghala alikuja nyumbani kwetu Bwaise kutoa pole. Alisimama nje ya pazia, kama impasavyo mwanamume mbele ya mwenye eda.

"Mama, eda ni haki ya Mungu, nitasubiri. Ila ikiisha, kesho yake niione mashine. Mali yangu inanyeshewa."

"Utaiona. Nitaisukuma mwenyewe."

Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na mitatu, katika darasa la watu wazima, na tangu hapo sikumruhusu mtu anihesabie tarehe. Nikatia alama kwenye kalenda ya ukutani: miezi minne na siku kumi, tarehe 19 Agosti.

Tarehe 14, siku chache baada ya Idi ya kuchinja, mama mkwe aliingia na maji ya kuoga na nguo safi.

"Toka, mwanangu. Eda imekwisha."

"Bado, mama. Tazama kalenda."

"Kalenda ya duka la saruji! Eda huhesabiwa kwa mwezi mwandamo, na mwandamo ni mfupi. Au mbingu nazo zilisoma darasani kwako?"

Wanawake waliokuja naye wakacheka. Nikajifunika shuka yangu upya, nikaketi. Siku zile tano nilizikaa kwa heshima kamili.

Mwenye ghala naye alihesabu kwa mwandamo. Tarehe 15 alinisubiri mpaka alasiri. Tarehe 20, nilipofika na mashine, vigae vilikuwa vimefunika sakafu yote, na fundi wake alikuwa akifagia.

"Nani alisaga upande huu?" akaniuliza. "Gundi imeshika kuliko kule."

"Mume wangu."

Nilizunguka kwa wajenzi wengine, Naguru na kwingineko. Waliitazama mashine, kisha wakauliza mwanamume wa kuisukuma yuko wapi.

Ijumaa, tarehe 23 Agosti, mwenye ghala aliniita ofisini tuifunge kazi ile rasmi.

"Nilidhani umeiacha, mama," akasema, akinisogezea karatasi na kidau cha wino nitie dole gumba.

Nikaomba kalamu. Nikaandika jina langu lote, na chini yake tarehe.