Adalbert Aliyekataa Kitufe Kimoja

Habari ilimkuta Lydie akichekecha unga wa bukari, ugali wa kwao, Jumanne asubuhi, mikono myeupe hadi viwikoni. Simu ilikuwa ya Nono, mama anayeuza makaa mbele ya nyumba ya yaya wa Lydie, yaani kaka yake mkubwa, katika mtaa wa Kenya mjini humohumo.

"Mama Lydie, uko na nani pale?"

"Niko peke. Sema."

"Ikala kwanza."

"Nono, sema!"

"Yaya Adalbert... Tumegonga mulango, hajibu. Tumevunja. Eko kwa kiti, mbele ya televizyo. Amekwisha kuwa baridi, mama."

Lydie alikaa chini kando ya chekecheke. Alijaribu kusali Baba Yetu. Alipofika "mapenzi yako yatimizwe", ulimi ukagoma.

Adalbert alikuwa na miaka arobaini na saba. Hakuwa na mke wala mtoto. Baba yao, mfanyakazi wa reli aliyetoka kaskazini mwa Katanga, aliwafundisha katekisimu kwa moyo: ukikosea neno moja, unarudi mwanzo. Lydie alilia sana kwa ajili ya katekisimu ile. Adalbert aliipenda.

Moyo huohuo aliupeleka kwenye michezo ya kupigana ya televizyo. Alijifunza akiwa kijana, katika ukumbi wa parokia. Ili mpiganaji wako arushe moto, unatelezesha kidole gumba cha kushoto juu ya kidude cha kuchezea, kutoka chini kwenda mbele, kama mtu anayechora robo ya duara, na papo hapo mkono wa kulia unabonyeza kitufe cha ngumi. Ukichelewa hata kidogo, mtu wako anapiga hewa tupu na wenzako wanakucheka. Adalbert alihangaika miezi mingi mpaka gumba likaota sugu. Baadaye alifungua chumba chake cha michezo, televizyo nne na viti vya plastiki, na mtaa mzima ukamwita Mwalimu.

Kisha ikaja michezo mipya yenye njia mbili. Njia ya zamani ilibaki, lakini ukitaka unachagua njia rahisi: kitufe kimoja, na moto unatoka. Pigo lake lina nguvu pungufu kidogo, ila halikosei. Adalbert aliichukia. Aliandika kwa chaki juu ya mlango: HAPA HAKUNA KITUFE KIMOJA.

Miongoni mwa wateja wake alikuwemo Gradi, mwendesha pikipiki wa miaka thelathini hivi, mtu wa kicheko kikubwa. Alipokuja Gradi, chumba kilijaa. Alikuwa na desturi ya kuvaa glavu moja, mkono wa kushoto, hata anapocheza. Adalbert aliona ni maringo.

Jumamosi moja Gradi alichagua njia rahisi kimyakimya, akawapiga watu watatu mfululizo. Adalbert alikuwa amesimama nyuma yake. Aliona moto unatoka na gumba halisogei.

"Simamisha! Gradi, uko unaiba."

"Naiba nini, mukubwa? Mchezo wenyewe unaruhusu."

"Mashini inaruhusu, mi sikubali. Kitufe moja ni ya batoto ya kunyonya. Toa ile glavu, ucheze sawa mwanaume!"

"Toa! Toa!" wakapiga kelele wengine, wakicheka.

Gradi akaitoa. Gumba halikuwepo. Jiwe lililiponda katika shimo la wachimbaji kule Ruashi, miaka ya nyuma. Kicheko kilikatika kama redio iliyokatiwa umeme. Gradi akairudisha glavu polepole, kidole baada ya kidole. "Bakia muzuri, Mwalimu," akasema, akatoka.

Hakurudi. Wengine walimfuata kwenye chumba kingine, na mwezi haukuisha kabla ya viti vya Adalbert kubaki na vumbi tu. Neno lake likawa moja: "Sikujua." Aliambiwa aende akaombe msamaha, akajibu kwamba hakujua, kana kwamba kutokujua kulikuwa kumekwenda kuomba kwa niaba yake.

Kila Jumapili baada ya Misa, Lydie alimpelekea bukari na mboga ya sombe. Alimkuta akicheza peke yake dhidi ya mashini. Jumapili moja ya Kwaresima alimwuliza:

"Yaya, yule mwizi wa musalabani alisali rozari nzima?"

"Hapana."

"Alisema neno moja tu, na Bwana akamupokea."

"Ah, wee! Yule mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari. Angefanya nini?"

"Na Gradi je?"

Adalbert alinawa mikono na chakula kingali tele, na siku hiyo hakumsindikiza dada yake mpaka barabarani kama kawaida. Hawakulizungumza tena jambo hilo. Majuma saba baadaye, Nono alipiga simu.

Kilio kilifanyika uani. Viti vilipangwa, na vingi vilibaki wazi. Lydie aliviangalia akaona haya kwa niaba ya marehemu. Lakini kilichomnyima usingizi ni kingine. Baba yao alikuwa amewaachia desturi: kabla jeneza halijafungwa, mwenye neno dhidi ya marehemu anakuja kulisema waziwazi, ili mtu asishuke kaburini na neno la mwenzake juu yake. Lydie alilijua neno lililobaki, na alimjua mwenyewe.

Nono ndiye aliyemwambia kile ambacho yeye hakukiona. "Majuma ya mwisho, alikuwa anajifunga kidole na kitambaa. Ile kubwa ya kushoto, anaifunga kwa kiganja. Nikamuuliza, yaya, umejikata? Akasema, hapana, niko najifunza."

Lydie akaenda kwenye kituo cha pikipiki.

"Mama, unaenda wapi? Panda!" Gradi alimchangamkia.

"Niko dada ya Adalbert."

Gradi akazima injini. "Pole, mama. Nilisikia."

"Tunamuzika kesho. Kwetu, muntu hazikwi na neno ya mwenzake juu yake. Kuya useme yako."

"Nitasema nini? Alinivua mbele ya bantu."

"Sema vile vile."

Akamweleza habari ya kitambaa. Gradi alisikiliza akitazama tangi la pikipiki.

"Na aliweza?"

"Nono anasema alishindwa. Anatukana mashini mpaka barabara inasikia."

Gradi alicheka bila kutaka, kisha uso ukarudi ulivyokuwa. "Angenitafuta, mama. Mi niko hapa kila siku."

"Angekutafuta, ndiyo. Hakukuya. Ile ni zambi yake, siwezi kuifunika."

Mteja alifika, Gradi akaondoka naye.

Kesho yake, Padri David alimaliza sala. Seremala aliuliza mara mbili kama afunge. Mara ya pili Lydie alikuwa ameinamisha kichwa kukubali, ndipo pikipiki ikasimama nje. Gradi aliingia peke yake, akasimama karibu na kichwa cha marehemu.

"Mwalimu," alisema, "ulinipatisha haya. Siwezi kudanganya juu umekufa. Iliniuma, na ingali inaniuma. Lakini sitaki uende nayo. Naiacha hapa."

Seremala akafunga. Gradi alisaidia kubeba jeneza mpaka kwenye gari, akampa Lydie mkono, akarudi kazini.

Makaburini walikuwa watu tisa. Padri alisoma Injili ya Lazaro, akanyunyiza maji ya baraka. Lydie alianzisha wimbo kwa sauti iliyokauka, Nono akaupokea. Kamba zilishushwa, jeneza likakaa. Kila mmoja alitupa udongo, kisha wachimba kaburi wakajaza kwa makoleo. Walisimika msalaba wa mbao wenye jina, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Lydie akasema, "Lala, yaya. Mungu akupokee." Wakasali Salamu Maria mara tatu, wakapanda gari.