Kisima Kisichosifiwa

Baba yangu aliuza magodoro maisha yake yote, na yeye mwenyewe alilala kwenye mkeka, uani, karibu na pipa la maji. Mvua ikinyesha alihamia barazani. Mama alikuwa akimtania asubuhi akimwona anajinyoosha mgongo.

"Muuza godoro analala chini! Wateja wakikuona watanunua nini?"

"Mganga hajigangi, mke wangu."

Ndani ya nyumba alikosa pumzi. Alisema nyumba ni ya wagonjwa na wageni. Alipenda kuwa mahali ambapo upepo unamfikia bila kubisha hodi, na nadhani kazi ile aliichagua kwa sababu ya njia zake, si kwa sababu ya magodoro. Aliyakunja, akayafunga nyuma ya pikipiki kwa mipira, akatoka Bagamoyo alfajiri kuelekea Kerege, siku nyingine upande wa Saadani. Kwa mbali ungedhani godoro linajiendesha lenyewe. Aliitambua mikoko, mkandaa na mchu, kwa harufu ya magome yake. Katikati ya kuelewana bei aliweza kuinua kidole, mteja akanyamaza, wote wawili wakasikiliza ndege mpaka amalize.

Likizo za shule alinichukua. Nilikaa mbele, juu ya tangi, kifua chake kikiwa mgongoni mwangu. Akifika uani kwa watu alisalimia mpaka paka wa nyumba, kisha akatandika godoro mchangani.

"Lala, bibi. Usione haya, macho yangu nimeyaacha Bagamoyo."

"Na mikono je?"

"Mikono imeshika pikipiki, bibi. Ikiachia, inaanguka."

Uani kote kicheko, bibi anajilaza, anafumba macho, na biashara imekwisha. Nilimtazama kwa fahari. Nilijua kila neno lake ni la kuuzia. Ndiyo sababu nilikithamini mno kitu kimoja ambacho, kwa imani yangu, hakukiuza.

Siku hiyo tulikuwa tunatoka Mbegani. Bahari ilikuwa imekupwa. Aliiacha pikipiki kwenye minazi, tukavua viatu, tukaingia mikokoni. Tope lilinifika magotini, kaa wakikimbilia mashimoni mbele yetu. Kisha mikoko ikaachana, pakawa na tuta la mchanga mweupe, na juu yake kisima kidogo kilichozungushiwa mawe ya matumbawe. Maji yake yalikuwa kimya kama jicho la mtu anayekusikiliza.

"Chovya kidole. Ramba."

Niliramba nikitarajia chumvi.

"Matamu!"

Baba alicheka, akateka kwa kiganja, akaninywesha. Maji yalinidondokea kidevuni. Kisha akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wangu.

"Hapa hajawahi kuja mtu ila mimi na wewe. Ni petu. Tukiondoka tunakipa mgongo, tunasema: hatujafika. Mtu akikuuliza, hujafika."

"Hata mama?"

"Hasa mama yako."

Tukakipa mgongo, tukasema pamoja. Hatujafika.

Jioni ile mama alinisugua miguu kwa jiwe. Tope la mikoko ni jeusi na lina ukaidi, linajificha chini ya kucha.

"Tope hili la wapi?"

"La shambani, kwa rafiki yake baba."

Alisugua kwa nguvu zaidi, mpaka kisigino kikawa chekundu. Tulirudi kule mara nyingi, mimi na baba, na kila tuliporudi nyumbani nilikuwa na shamba jipya la kusingizia.

Nilipokua nikahamia Dar es Salaam na kuanza kuandika. Wenzangu wa vitabu walipenda kuniuliza habari za kwetu, nami niliwapa bila choyo: misikiti, makuti, harufu ya samaki wanaokaushwa, vifo na harusi za jirani. Kisima sikuwapa. Katika riwaya yangu ya kwanza kuna msichana anayetembea mchana kutwa kando ya bahari, na mwishoni anakunywa maji ya bomba, kwa kuwa sikukubali kumpeleka kule. Msomaji mmoja aliniambia kitabu kile kina kiu mahali fulani. Nilitabasamu. Niliona ni gharama ndogo ya kuwa mtoto aliyechaguliwa.

Baba alifia hospitalini, madirisha yamefungwa, juu ya godoro.

Siku ya hitma ya arobaini, wanaume walikuwa nje chini ya turubai, sisi wanawake ndani. Kisomo kilikwisha, masinia ya pilau yakaingia. Sinia letu lilikuwa na mama mmoja wa Kerege, mwenye nyumba ya wageni, na mshonaji wa Mbegani aliyekuwa amekuja na mkwewe. Mama wa Kerege alianza kucheka peke yake, kisha akafuta macho kwa upindo wa kanga.

"Mungu amrehemu. Magodoro aliyonijazia! Mengine sikuwa hata na vitanda vyake."

"Ulimi wake ulikuwa na asali," mshonaji akasema.

"Si ulimi, shoga. Ulimi ningeukataa. Alitupeleka mahali, mimi na mume wangu. Mahali pa siri." Akainamisha kichwa. "Hata sasa naona vibaya kusema, maana tuliapishana."

Mshonaji aliacha tonge hewani. "Mikokoni?"

"We! Umejuaje?"

"Kisima? Mchanga mweupe?"

"Alituambia hajawahi kufika mtu ila yeye na sisi!"

"Nasi alituambia hivyo hivyo! Na watoto tulikwenda nao. Mkikipa mgongo mnasemaje?"

Wakatazamana, wakasema kwa sauti moja, wakicheka mpaka mabega yanatikisika: "Hatujafika!"

Mwanamke wa sinia la pili akageuka. Naye alikuwa amepelekwa. Wakaanza kuelezana nani alitangulia, kwa furaha, kama watu wanaogundua kwamba ni ndugu. Nilitazama mkono wangu ndani ya wali. Nilikuwa mteja. Nilikuwa mteja asiyenunua chochote, na kwa hiyo nilimfaa kujifunzia maneno.

Nilipoinua macho nikamwona mama mlangoni, birika la kunawisha mkononi. Alikuwa amesikia yote.

Wageni walipotawanyika nilimfuata uani. Alikuwa anaukung'uta mkeka wa baba.

"Mama, ulikijua kile kisima?"

"Yale mawe aliyapanga bibi yako, mama yangu. Tulikuwa tunateka pale tukitoka kuokota chaza. Baba yako nilimpeleka mimi, tulipochumbiana."

Nikaushika upande wa pili wa mkeka.

"Na lile neno ni la kwetu," akaendelea. "Kisima cha maji matamu katikati ya chumvi hakisifiwi, mwanangu. Kikisifiwa kinapatwa na jicho, kinakauka. Ndiyo maana unakipa mgongo unasema hujafika. Yeye alisikia neno zuri, akaona linauzika. Nilipojua anawapeleka wateja nilimkataza. Aliapa kwamba ameacha."

"Aliniambia nisikwambie. Hasa wewe."

"Nilijua. Nilikuwa naliosha mimi hilo tope."

"Kwa nini hukuniambia?"

Aliukunja mkeka polepole. "Ulikuwa unarudi unang'aa. Ningekwambia nini?"

Nilimtetea baba kimoyomoyo usiku mzima nikashindwa. Kuchukua siri ya mke wake na kuitandika mchangani mbele ya kila mteja, hilo labda ningemsamehe, alikuwa muuzaji. Lakini alinifanya mlinzi wa mali ya wizi, na mwenye mali ndiye aliyekuwa akinisugua visigino.

Kesho yake, maji yalipokupwa, nilikwenda peke yangu. Sikuhitaji kukumbuka njia. Ilikuwa imekanyagwa wazi, pana ya watu wawili kupita wakishikana mikono. Mikoko iliachana pale pale. Mawe mawili ya bibi yalikuwa yameanguka ndani. Niliyatoa, nikayarudisha mahali pake, nikangoja tope litulie. Nikachovya kidole, nikaramba. Nilipogeuka kuondoka, neno lilinijia lenyewe mpaka kwenye meno. Nikalifungia mdomo.

Nilimkuta mama barazani, anachambua mchele kwenye ungo. Akaitazama miguu yangu.

"Tope hilo la wapi?"

"Kisimani, mama. Nimefika."

Mikono yake ilisimama juu ya mchele.

"Maji yapo?"

"Yapo. Ni ma—"

"Usiyasifu," akasema, akasogea kidogo ili nikae, na akaliokota lile jiwe la kusugulia.