Bahasha ya Pole ya Onesphore

Siku hizi Onesphore hatii saini mahali popote kabla hajasoma, na akishasoma haamini. Hata risiti ya duka pale Richfield huigeuza nyuma aone kama kuna maneno yaliyojificha. Msimcheke. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nyoka wa Onesphore alimng'ata miaka tisa mfululizo.

Alikuja huku ughaibuni kutoka Kivu na mkewe Donatille na binti yao mdogo, Merveille. Akapata kazi ya kupakia mizigo ghalani, kanisani wakamfanya shemasi. Kisha jioni moja jirani yao Maurice, fundi wa magari, akapigwa chuma cha kichwa kwenye maegesho ya jengo walilopanga. Maurice hakumwona aliyempiga. Onesphore akafanya ambalo mtu yeyote wa kwao angefanya: alipita mlango kwa mlango akichangisha, akatia dola mia tatu na arobaini kwenye bahasha, akaenda nazo hospitali. Kwao huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Unapeleka pole, unaiweka kitandani, unakaa.

Kando ya kitanda alikuwepo mpelelezi. Aliitazama bahasha, akamtazama aliyeileta, akaichukua iwe ushahidi. Mtu asiye na hatia anatoa pesa za nini? Swali hilo ndilo lililomfunga, hilo pamoja na koti la kijani lililofanana na la mtu aliyeonekana akikimbia. Aliulizwa kituoni, akaulizwa tena mahakamani mbele ya wale raia kumi na wawili wanaokaa kuamua kesi. Kila alipoeleza habari za pole, alizidi kuonekana mtu anayenunua kimya cha mwenzake.

Mwaka wa tisa mfungwa mwingine alikiri, na damu iliyokaukia kwenye kile chuma ikapimwa, ikakutwa na ya mfungwa huyo pia. Jaji akamtangaza Onesphore kuwa hana hatia. Alitoka na kichwa cha mvi, akamkuta Merveille, aliyemwacha hajang'oka meno ya utoto, anaendesha gari na kumjibu kwa Kiingereza.

Sasa serikali ya jimbo ilikubali kumlipa fidia kwa kila mwaka aliokaa ndani. Ilibaki saini yake tu, na mwisho wa kuipokea ulikuwa Ijumaa saa kumi jioni. Ikipita hapo, haki yake imekufa. Donatille alikuwa amepiga deki sakafu za hospitali kule Maplewood miaka hiyo yote, magoti yakamwisha. Hizo pesa zingemwezesha kuketi. Lakini karatasi zilikuwa zimekaa wiki tatu juu ya friji, na mzee anazizunguka tu.

Ijumaa saa nane Nkatha akaja nyumbani. Ni Mmeru wa Kenya, msaidizi wa wakili, na mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki. Onesphore akamchunguza. Mbona kaja mwenyewe? Mbona kavua viatu upesi hivyo, na kalamu yake mpya? Kikulacho ki nguoni mwako.

"Mzee, ni ku-sign tu hapa na hapa," Nkatha akasema. "Tumei-review yote."

"Page ya ine inasema nini?"

Nkatha akaufunua ukurasa wa nne. "Inasema state inakulipa, lakini kulipa si kukubali kwamba kuna mtu wao alikosea."

"Maman Nkatha, unisikilize. Mi nilipelekaka enveloppe, wakasema pesa njo preuve, ushahidi ya kosa. Leo wao wanaleta pesa, wanasema si preuve ya kitu. Hii sheria ni moja ao ni mbili?"

Nkatha akaiweka kalamu chini. "Ni mbili, Mzee," akasema. "Lakini ile ruling ya judge iko. Imesema huna makosa, na hii karatasi haiwezi kuifuta."

Hapo Onesphore akamwamini kidogo, kwa mara ya kwanza. Mwongo angesema ni moja.

"Papa Merveille," Donatille akaita kutoka jikoni, "mi nilikungojea miaka tisa. Usiningojeshe tena mpaka saa kumi."

Akatia saini. Kila ukurasa aliupiga picha mara mbili, kisha akamtaka Nkatha aandike jina lake na saa nyuma ya kalenda ya kanisa. Nkatha akaandika bila kununa. Karatasi zikatumwa kwa simu, na saa tisa na dakika kumi wakili akajibu kwamba zimepokelewa. Donatille akaketi sakafuni pale pale jikoni, akalia.

"Na hii ni yako," Nkatha akasema, akifungua mfuko. "Court wamerudisha vielelezo."

Ilikuwa ile bahasha. Walikuwa wameibandika namba, na ndani mlikuwa na dola mia tatu na arobaini zile zile. Onesphore akaichukua.

"Si yangu hii. Ni ya Maurice. Haikumufikia."

Maurice alikuwa akiishi dakika kumi tu kutoka pale, na tangu Onesphore atoke walikuwa hawajaonana. Mzee akasimama kutafuta koti.

"Mzee, ngoja," Nkatha akasema haraka. "Usimpelekee leo. Cheki bado haijatoka. Wakisikia umempa victim pesa, watasema..."

Akaangalia chini. Aliona haya.

"Watasema nini?"

Onesphore alisimama na koti mkononi, bahasha mkono wa pili, kisha akalirudisha koti msumarini na kuketi.

"Basi, tungojee cheki," akasema. "Siku nitaenda kwa Maurice, utakuja na mimi, Maman Nkatha. Ukae pale, uone vile natoa, uandike na saa."